Kilele Kina Jina, Mpagazi Hana: Maandishi ya Safari za Milimani Kuzunguka Gisenyi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameshughulika sana na riwaya, tamthilia na ushairi. Ushairi peke yake, kwa mabishano ya vina na mizani yaliyopamba moto katika miaka ya 1970, umekula wino wa kutosha kujaza kabati zima. Lakini liko tawi moja ambalo limeachwa likue porini bila ya mpaliliaji, nalo ni maandishi ya safari. Jambo hili linashangaza, kwa sababu neno safari lenyewe limetoka kwetu likaingia katika kamusi za Ulaya, likabadilika maana huko, na sasa linaturudia likiwa limevaa kofia ya mtalii na darubini shingoni.

Makala haya yanahusu maandishi machache ya safari za milimani, na yamechagua kuyatazama kutoka mahali pamoja: Gisenyi. Mji huu, ambao tangu mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006 umo katika Wilaya ya Rubavu, Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, umekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini yake, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, umesimama mlima wa moto wa Nyiragongo wenye mita 3,470. Kuelekea mashariki safu inaendelea, na juu ya yote ni Karisimbi, mita 4,507. Upande wa nyuma wa mji ni mgongo wa milima unaogawa maji ya mito miwili mikuu ya Afrika. Mvua inyeshayo upande wa ziwa hushuka Kivu, ikapita Ruzizi, Tanganyika na mto Kongo mpaka Bahari ya Atlantiki. Ile inyeshayo upande wa pili huishia Misri. Mtu aliyesoma safari za Himalaya, za Nepal au Kashmir, ataitambua sura hii upesi: mji wa bondeni wenye soko na vitanda, kilele kilichofunikwa na mawingu, na kati ya viwili hivyo njia ya miguu ambayo mtu mmoja huipanda kwa starehe na mwingine huipanda kwa ujira.

Hao watu wawili ndio kipimo cha uhakiki huu. Kila safari ya mlimani ina anayetazama na anayebeba, na mwandishi hana budi kuamua atasimama begani mwa nani. Uamuzi huo hauonekani katika dibaji. Huonekana katika mambo madogo: nani ametajwa kwa jina, nani amehesabiwa tu, baridi imempata nani, na chakula kilitoka wapi.

Tuanze na Gustav Adolf von Götzen, kwa kuwa yeye ndiye Mzungu wa kwanza kuandika habari za sehemu hizi baada ya kuziona kwa macho. Aliondoka Pangani mwezi Desemba 1893, akaingia Rwanda Mei 1894, akakutana na Mwami Kigeli Rwabugiri, na mwezi Juni akapanda Nyiragongo kabla ya kushukia Kivu na kuvuka misitu ya Kongo hadi Atlantiki. Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1895, na jina lake linasema lote: kuvuka Afrika kutoka mashariki hadi magharibi. Ni kitabu cha ofisa wa jeshi. Nchi ndani yake ni umbali wa kumaliza, mlima ni shabaha, na mwenyeji ni ama kizuizi ama msaada. Mtu huyo huyo alikuja kuwa gavana wa koloni la Kijerumani la Afrika ya Mashariki, 1901 hadi 1906, na vita vya Maji Maji vilizuka mwaka 1905 akiwa madarakani. Si haki kukihukumu kitabu cha 1895 kwa matendo ya miaka kumi baadaye. Lakini ni haki kuona kwamba jicho lililojifunza kuhesabu wapagazi kama mizigo halikupata shida kuhesabu raia kama kodi. (Meli iliyobatizwa jina lake ndiyo ile iliyokuja kuitwa Liemba katika Ziwa Tanganyika. Wasafiri waliolala juu ya sitaha yake pamoja na magunia ya dagaa hawakujua wamelala juu ya jina la nani, wala hawakupungukiwa na kitu kwa kutojua.)

Kitabu cha pili ni kikubwa zaidi kwa kila hali. Mwanamfalme Adolf Friedrich wa Mecklenburg aliongoza msafara wa kisayansi katika miaka ya 1907 na 1908, akiwa na mtaalamu wa mimea Mildbraed, wa wanyama Schubotz, wa mawe Kirschstein, wa watu Czekanowski, na mpima ramani Weiss. Masimulizi yake yalichapishwa mwaka 1909. Kwa upande wa fani kitabu hiki kinampita Götzen mbali. Mwandishi anajua kusimama na kutazama. Ziwa Kivu analiandika kama mtu aliyelipenda, na nani aliyewahi kufika Gisenyi saa ya magharibi atamlaumu kwa hilo? Kwa hiyo ni kitabu cha haki kukipima, kwa sababu udhaifu wake hautokani na uvivu wala ubaya wa moyo.

Mwezi Februari 1908, Kirschstein na wapagazi wake walikuwa wakifanya kazi juu ya Karisimbi. Wakavamiwa na dhoruba ya mvua ya mawe na theluji. Wapagazi wapatao ishirini walikufa kwa baridi, mahali ambapo kutoka kwake, siku ya wazi, mtu huona nchi yenye migomba. Mwanamfalme hakulificha tukio hili. Alilipa nafasi, na msomaji wa leo bado hawezi kulisoma bila ya kusisimka. Lakini tuyatazame masimulizi yenyewe kama tunavyotazama masimulizi yoyote. Macho tunayotazamia ni ya mtaalamu, na mashaka tunayoyafuata ni ya mtaalamu: jitihada zake za kuwaokoa watu, hofu yake, uchovu wake. Wapagazi wanakufa kwa wingi, kwa idadi. Hatuambiwi huyu alikuwa fundi wa ngoma kambini, au yule alikuwa akimdai mwenzake doti ya kitambaa, au kwamba mmoja alimwachia mke mtoto mchanga huko alikotoka. Baada ya hapo msafara unaendelea, na kitabu pia. Kasoko moja ya Karisimbi, yaani shimo la moto wa zamani, ikaitwa Branca, kwa heshima ya profesa wa jiolojia wa Berlin ambaye hakuwamo katika msafara ule. Hapana bonde, jiwe wala kijito cha mlima ule kilichopewa jina la mmojawapo wa wale ishirini.

Atasema mtu: hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya zama zile, mwataka nini? Ni kweli ilikuwa desturi, na ilienea mbali kuliko Afrika. Kilele kirefu kuliko vyote duniani, ambacho Watibeti hukiita Chomolungma na Wanepali Sagarmatha, kilipewa mwaka 1865 jina la George Everest, mpima ardhi wa Kiingereza. Tenzing Norgay na Edmund Hillary walipokifikia tarehe 29 Mei 1953, dunia ilishikwa na mabishano ya nani kati yao alitangulia kukanyaga. Wale mamia waliopandisha magunia ya chakula na hema kutoka bondeni hawakuingia katika mabishano hayo. Sisi wenyewe tulikuwa na kilele cha Kilimanjaro kilichoitwa kwa jina la Kaiser Wilhelm tangu Hans Meyer alipokifikia mwaka 1889, mpaka kikaitwa Uhuru mwaka 1961. Kubadili jina la kilele ni jambo jema, tena la lazima. Lakini jina la kilele hubadilishwa kwa siku moja, ilhali namna ya kusimulia hubaki vitabuni na kurithiwa na watoto wa shule.

Sasa tugeukie upande wetu. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Göttingen mkusanyo wa masimulizi ulioitwa Safari za Wasuaheli. Ndani yake mna safari ya bara ya Sleman bin Mwenyi Chande, safari ya Udoe na Uzigua ya Mtoro bin Mwinyi Bakari (ambaye, walimu wenzangu, alikuwa mwalimu wa Kiswahili kama sisi, tena huko Berlin), na safari za Selim bin Abakari, mojawapo ikiwa ni ya Urusi na Siberia. Hapana hata moja kati ya hizo inayofika Gisenyi. Rwanda ya Rwabugiri haikuwa nchi ya misafara ya pwani kuingia itakavyo. Lakini tunazihitaji hapa kwa sababu zinatuonyesha Kiswahili kikisafiri kwa miguu yake chenyewe.

Msomaji wa Sleman bin Mwenyi Chande atastaajabu kwanza kwa ukavu wake. Mandhari karibu hayamo. Mna siku za kutembea, mna maji yalipo na yasipo, mna hongo aliyoitaka mtemi na mabishano ya hongo hiyo, mna njaa na mna vita. Mwalimu aliyezoea kusahihisha insha zenye “upepo mwanana” atadhani mwandishi hakujua kupamba. Lakini aisome mara ya pili. Ukavu ule ni wa mtu ambaye nchi kwake haikuwa picha. Kilima ni saa mbili za jua mgongoni. Mto ni swali: tutavuka vipi, na nani atalipwa? Kila mwenyeji anayetajwa ana anachokitaka, na kwa sababu ana anachokitaka anakuwa mtu kamili mbele yetu, hata pale mwandishi anapomchukia.

Selim bin Abakari anatupa kitu kingine tena. Mwaka 1896 alifuatana na bwana wake, Bumiller, kupitia Urusi hadi Siberia na milima ya Altai katika nchi ya Wakalmuki. Hebu mwanafunzi afikirie jambo hili: mtumishi kutoka pwani yetu, milimani mwa Asia, akiandika kwa Kiswahili miaka zaidi ya hamsini kabla ya Hillary kupata umaarufu. Yeye aliyezoea kuona Wazungu wakitazamwa vijijini, sasa ndiye anayetazamwa, na anatazama naye. Anachunguza watu wanakula nini, wanalala wapi, wanapanda nini, wanaamini nini. Baridi kwake ni baridi ya mwili. Kama kuna maandishi yanayokaribia kusema yale ambayo wapagazi wa Karisimbi wangeyasema, ni haya. Nayo yameandikwa kwa lugha ambayo misafara ya Kijerumani ilitumia kuamuru watu wabebe mizigo.

Nisieleweke kwamba waandishi wa Velten ni malaika. Neno “washenzi” linawatoka kwa wepesi unaochukiza. Misafara ya bara ilichanganyika na biashara ya watumwa, na mwandishi wa pwani aghalabu anaipita habari hiyo kama mtu anayepita shimo la njiani. Zaidi ya hayo, maandishi haya yaliandikwa kwa kuombwa na Mjerumani, na Selim anaposifu ukarimu wa bwana wake hatuwezi kusahau nani angekuwa msomaji wa kwanza wa karatasi zile. Mhakiki anayetaka kuwafanya wazee hawa mashujaa wa umma atakwama katika ukurasa wa tatu. Nadai jambo dogo zaidi: kwamba namna yao ya kuhesabu siku, chakula, ujira na maneno ya wenyeji ni msingi wa fasihi ya safari, na kwamba msingi huo tumeuacha tukaenda kuazima paa la mwingine.

Paa hilo la kuazima tunaliona katika vijitabu vya utalii, na kutoka humo limeingia katika insha za wanafunzi wetu. Gisenyi humo ni “Uswisi ya Afrika”, au ni pwani ya Ulaya ya kusini iliyohamia Kivu. Milima “imejipamba kwa kijani kibichi”. Mabonde “yanatabasamu”. Wavuvi wa usiku “huimba nyimbo tamu”. Tuchukue hili la wavuvi, kwa sababu lina kweli ndani yake. Mitumbwi ya Kivu hutoka jioni mitatu mitatu, imeunganishwa kwa boriti ndefu, ikiwa na taa za kuvutia samaki, na ni kweli wavuvi huimba wakipiga kasia. Lakini wanaimba ili makasia ya mitumbwi mitatu yaende pamoja. Na samaki wanaomfuata, yaani sambaza, hakuwamo Kivu zamani. Alitolewa Tanganyika na kutiwa humo mwishoni mwa miaka ya 1950, akawa riziki ya watu wa pande zote mbili za mpaka. Mwandishi anayesema “nyimbo tamu” amepewa wimbo, kazi na historia ya samaki, akachukua utamu peke yake.

Kufananisha mahali na pengine si kosa la lugha tu. Kuna wakati mfano humeza nchi nzima. Mwaka 1933 mwandishi wa Kiingereza James Hilton alibuni katika riwaya bonde la amani katika milima ya Tibet, akaliita Shangri-La. Mwaka 2001 mji wa Zhongdian, katika jimbo la Yunnan nchini China, ulibadilishwa jina rasmi ukaitwa Shangri-La ili wageni waje. Bonde la uongo limepata ofisi ya posta. Sisi hatujafikia hapo, lakini tunaposema Uswisi tumekwisha kuanza kupanga foleni.

Bonde la Sebeya linafaa kuwa somo. Mto huu unashuka kutoka nyanda za juu, unapita Nyundo na mashamba ya chai ya Pfunda, unaingia Kivu kusini ya mji. Ni bonde zuri, na kila anayekuja kwa barabara ya Musanze hulisifu. Katika miaka ya 1970 msitu wa Gishwati, juu ya bonde hilo, ulikuwa na kiasi cha hekta 28,000; mwanzoni mwa karne hii zilibaki kama 600. Ulifyekwa kwa malisho, kwa mashamba, na kwa makazi ya watu waliorudi au kuhamishwa baada ya vita. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mvua ilinyesha, Sebeya ikafurika, udongo ukaporomoka, na katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini walikufa watu zaidi ya 130, Rubavu ikiwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Kijani kile kinachosifiwa katika vijitabu, kwa sehemu kubwa, ni kijani cha mahali palipokuwa na msitu. Mwandishi wa safari asiyejua hivyo hajadanganya, lakini ametazama kama mtu anayetazama kanga bila ya kusoma jina lililoandikwa chini yake.

Kuna na lililo zito zaidi. Mwezi Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia Nyundo, katika makao ya kanisa, waliuawa humo. Mjini Gisenyi penyewe pako mahali palipoitwa Commune Rouge, penye makaburi, ambapo watu walipelekwa kuuawa; leo pana kumbukumbu. Mwezi Julai mwaka huo huo umati mkubwa wa wakimbizi ulivuka mpaka huu kuingia Goma, na kipindupindu kikawafyeka huko. Simtaki kila mpita njia aandike kitabu cha mauaji. Lakini mwandishi anayetumia kurasa nne kwa machweo ya Kivu na asipate mstari mmoja kwa Nyundo amefanya uchaguzi uleule wa 1908: ameandika mlima na kuwaacha watu waliolala chini yake.

Kuhusu lugha, wako wenzetu wanaosema kwamba Kiswahili ni lugha ya pwani na hakina maneno ya milima, kwa hiyo hatuna budi kuazima picha. Nakataa. Tuna mlima, kilima, bonde, korongo, genge, mteremko, safu na kilele. Vitabu vya jiografia vimetuzoesha kasoko na zaha. Muhimu kuliko hayo ni yale yaliyozaliwa hapa hapa. Kinyarwanda huita mlima wa moto ikirunga, na wingi wake ibirunga. Wazungu wakauchukua wingi huo wakaufanya jina la safu moja, Virunga. Lakini sikio la Mswahili husikia nini? Husikia ki na vi, ngeli yake mwenyewe. Kirunga, virunga: neno limekwisha kuvaa sare yetu, linangoja kuandikishwa tu, huku sisi tunahangaika na volkano.

Tena liko neno mazuku. Kando ya kaskazini ya Kivu, hasa kuelekea Goma na Sake, hewa ya kaboni hutoka ardhini na kujaa katika mashimo na mabonde madogo. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hulala chini. Mtu mzima aliyesimama huweza kupita salama, na mtoto au mbuzi akafa papo hapo. Watu wa huku wakaiita mazuku, na mtu wa pwani akilisikia hawezi kuacha kukumbuka mzuka. Wataalamu wa dunia wa milima ya moto hawakupata neno bora. Wamelichukua, wanaliandika mazuku katika majarida yao bila ya kulitafsiri. Lugha inayodaiwa kuwa maskini wa milima imeikopesha dunia neno la mlimani. Nalo halikutungwa na kamati yoyote. Limetungwa na watu waliokuwa na sababu ya kujua wapi mtoto asichezee.

Majina ya virunga vyenyewe ni masimulizi mafupi. Sabyinyo ni mzee wa meno makubwa, na aliyeona ncha zake hahitaji maelezo. Karisimbi amepewa jina la isimbi, simbi jeupe, kwa ajili ya weupe unaoshika kilele chake baadhi ya asubuhi. Muhabura ni yule amrudishaye njiani aliyepotea. Katika imani ya kale ya Ryangombe, waliokwisha kuingizwa katika siri zake walikwenda baada ya kufa kuishi naye kwa raha juu ya Karisimbi, na wengine wakatupwa katika moto wa Nyiragongo. Linganisha utajiri huu na kasoko iitwayo Branca.

Na Nyiragongo haikubaki hadithi. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa lake la zaha lilipasua ubavu wa mlima na kumwagika kwa muda usiozidi saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 zaha ilipita katikati ya Goma mpaka ziwani, na mamia ya maelfu ya watu wakaingia Gisenyi usiku mmoja. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena. Mitetemeko iliyofuata ilipasua nyumba na barabara za Gisenyi yenyewe, na siku chache baadaye maelfu wakavuka tena mpaka. Nani ameiandika safari ya usiku wa 2002 kwa Kiswahili? Wenyewe walikimbia kwa Kiswahili: walipoteza watoto wakawaita kwa Kiswahili, wakaomba maji kwa Kiswahili katika nyumba za Kinyarwanda, wakafunguliwa milango. Hiyo ni safari ya mlimani ya kilomita chache, haina kilele, nayo inashinda safari nyingi zilizojaladiwa kwa ngozi.

Leo iko njia ya miguu na baiskeli iliyotengenezwa kwa ajili ya wageni kutoka Rubavu hadi Rusizi, kilomita 227 kando ya ziwa, inayoitwa Njia ya Kongo-Nile. Anayeipita hulala vijijini, hununua ndizi, huongozwa na kijana wa mahali. Kuanzia mwaka 2017, Bunge la Rwanda lilipopitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi, shule zetu zina sababu zaidi ya kutaka maandishi yake. Kijana yule anayeongoza wageni anajua siku ngapi, ujira gani, kilima gani kinachoua magoti na nyumba gani inayotoa maji. Yeye ndiye Sleman bin Mwenyi Chande wa njia hii. Hatujampa kalamu, tumempa beji.

Kwa hiyo, tunapowapa wanafunzi insha ya safari, napendekeza tuwape kwanza kurasa chache za Safari za Wasuaheli, kisha tuwaulize: ni nani aliyebeba, alilipwa nini, na wenyeji walitaka nini? Ugumu uko, wala hauwezi kupuuzwa. Tahajia ya Velten ni ya kale na humkwaza mtoto wa leo. Nakala za 1901 ziko katika maktaba chache sana. Na ile sehemu aliyoichapa upya Lyndon Harries mwaka 1965 katika mkusanyo wake wa nathari ya Kiswahili imeambatanishwa na Kiingereza, kwa ajili ya msomaji mwingine. Kinachohitajika ni chapa ya bei nafuu, kwa tahajia sanifu, yenye maelezo ya maneno magumu na ramani moja iliyo wazi, na mwishoni kurasa kadhaa nyeupe zenye mistari.